Nimechangiwa matibabu, sasa wanashangaa nikicheka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 42, mwenyeji wa Tanga, ila kwa sasa niko Mbagala kwa wifi yangu kwa ajili ya matibabu. Mwaka jana nikiwa naoga niligusa kivimbe kwenye titi la kushoto. Kikapimwa, kikatolewa kinyama, majibu yakaja kuwa ni saratani, hatua ya pili. Titi likaondolewa pamoja na tezi za kwapani, na sasa niko kwenye kemo, zile dawa za saratani za dripu.

Dozi tatu nimeshapata, kila baada ya wiki tatu. Ni ile dawa nyekundu, ambayo ukitoka hospitali hata mkojo unakuwa mwekundu. Nywele zimekwisha, kope nazo zinafuata, kucha zimekuwa nyeusi. Siku nne tano za mwanzo mimi si mtu, Shangazi. Chakula nakisikia kama ninalamba sarafu. Lakini wiki ya pili ikianza narudi. Nasikia njaa, nataka kukaa barazani, nataka redio.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Matibabu yangu nimechangiwa na ndugu, majirani na watu wa mtaa wetu Tanga, kwenye kundi la WhatsApp. Juzi nilikuwa uani nasikiliza taarabu, ukapigwa wimbo niupendao, nikasimama nikacheza kidogo na mtoto wa wifi. Jirani akachungulia ukutani, akasema, “Kumbe mgonjwa mwenyewe mzima hivi?” Naye alichanga. Nilizima redio, nikaingia ndani.

Upande wa pili, siruhusiwi kulia. Wifi yangu ananitunza vizuri, Mungu amlipe, lakini akiniona natoa machozi ananikemea: “Ukilia unaulisha huo ugonjwa.” Marafiki wananitumia sauti kila asubuhi kwamba nitabasamu, mawazo mabaya ndiyo yanayoua. Basi usiku nikishtuka na hofu, najiona kama ninajiua kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa kuna harusi. Binti wa dada yangu, niliyemlea tangu akiwa na miaka minne, anaolewa Tanga. Alhamisi ni singo ya kumsugua bibi harusi, Ijumaa usiku ngoma ya kibao kata, Jumamosi ukumbini. Dozi yangu ya nne ni Jumatano ya wiki inayotangulia. Kaka yangu mkubwa amekataa nisiende. Anasema watu watasema nini wakimwona mtu waliyemchangia yuko kwenye ngoma. Kazi yake ni kuniletea majani ya mstafeli yaliyochemshwa, ninywe na nilale.

Mume wangu yuko Tanga. Tukionana analala ukingoni mwa kitanda kama mgeni. Hajawahi kuomba kuliona kovu. Sijui ni huruma au ni kinyaa.

Na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Daktari sijawahi kumuuliza kama nitapona. Naogopa jibu.

Je, ni kosa kutaka kufurahi nikiwa katika hali hii?

Mpenda Kibao Kata, Mbagala

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Si kosa. Na harusini utakwenda au hutakwenda kwa sababu ya chembe nyeupe za damu yako, zile zinazopigana na maradhi, si kwa sababu ya jirani wala kaka. Hilo nitalifafanua huko chini, maana katika wote wanaokuamulia maisha sijaona hata mmoja aliyekaa akahesabu siku.

Nianze na mchango. Watu walitoa elfu tano, elfu kumi, wengine laki, ili upate vipimo, nauli na dawa. Hakuna aliyenunua huzuni yako. Kuchangiana kwetu ni mila njema sana, na sitaki kusikia ikibezwa, lakini ina mkia wake: baadhi ya watoaji hujiona wana hisa kwa mgonjwa. Wakija wanataka wamkute amelala, amekonda, sauti haitoki. Wakimkuta anacheka wanahisi wamepunjwa. Hiyo ni hesabu yao, usiibebe wewe.

Ila jirani yako nampunguzia lawama kidogo, kwa kuwa hajui kwamba kemo ina kalenda. Alikuona siku njema, hakukuona umeinamia ndoo. Akichungulia tena, mwambie, “Wiki iliyopita ungenikuta natapika. Leo ni siku yangu nzuri, karibu ukae.” Na kwenye lile kundi tuma sauti fupi mwenyewe, usimwachie kaka: dozi ngapi umemaliza, ngapi zimebaki, fedha zimefanya nini, na kwamba siku ukipata nguvu unatembea na kujinyoosha. Hapo hutasema uongo. Zamani mgonjwa wa kemo aliambiwa alale tu. Siku hizi wataalamu wa saratani wanahimiza kinyume chake: kutembea na mazoezi mepesi ni miongoni mwa mambo machache yaliyothibitishwa kupunguza ule uchovu usioisha hata ukilala. Dakika kumi za kuzungusha kiuno uani zimo humo humo.

Sasa machozi. Wifi yako anakupenda na anaogopa, na mtu mwenye hofu hutafuta kitu cha kukataza. Lakini alichokuambia si kweli. Saratani ya titi haili machozi. Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 1,000 wa saratani ya kichwa na shingo, kuangalia kama hali ya moyo wa mgonjwa inaamua ataishi muda gani. Haikuonekana hivyo. Waliokuwa na moyo mkunjufu na waliokuwa na simanzi, hali zao za moyo hazikutabiri nani atabaki. Kinachofanya kazi mwilini mwako ni upasuaji uliofanyiwa, hiyo dripu nyekundu, na kuhudhuria kliniki bila kukosa.

Utaniuliza: sasa furaha ina faida gani kama haiponyi? Mwanangu, ulipokuwa mzima ulikuwa unacheza kibao kata ili upone nini? Ulicheza kwa sababu ngoma ni tamu. Sababu hiyo haijafutwa na cheti cha maabara. Wale wanaokutaka ununune na wale wanaokutaka utabasamu wamefanana kuliko wanavyodhani, kwa kuwa wote wanakudai uso. Lakini huna deni la uso kwa yeyote. Siku ya kulia lia, siku ya kucheka cheka, na siku nyingine, ambazo kwa kweli ndizo nyingi, utakuwa hapo katikati ukipekua mchele na kuwaza ada ya shule.

Mwambie wifi hivi: “Nikilia, kaa karibu yangu. Usiseme kitu. Nikimaliza tutapika.” Mpe kazi, maana wauguzi wa nyumbani wanapenda kazi kuliko maneno. Na wale wa sauti za asubuhi, zima tu zile arifa. Huna haja ya kugombana nao.

Isipokuwa hapa naweka alama. Kama kwa wiki mbili mfululizo hupati usingizi hata siku zisizo za dawa, hutaki chochote, taarabu ikipigwa huisikii, au unawaza kwamba ni bora ufe, hayo si machozi ya kawaida. Mwambie muuguzi wa kliniki siku hiyo hiyo. Hospitali za saratani zina watu wa tiba shufaa, na watu wetu wengi wanaikimbia kwa kudhani ni ya wanaokata roho. Siyo. Wanashughulikia maumivu, kichefuchefu, usingizi na hofu za mgonjwa yeyote, hata yule anayetarajiwa kupona na kurudi kwenye biashara yake.

Haya, harusi.

Baada ya kemo ya aina hiyo, chembe nyeupe za damu hushuka taratibu na kufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi, kisha hupanda tena kabla ya dozi inayofuata. Wewe unajisikia nafuu wiki ya pili, na nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ndani askari wako ndio wamepungua. Hesabu basi. Dozi Jumatano. Singo inaangukia siku ya 8, kibao kata siku ya 9, ukumbi siku ya 10. Kaka yako anaogopa maneno ya watu, na mimi nakwambia ogopa mafua yao.

Kwa hiyo jambo la kwanza, nenda kliniki kabla ya dozi, useme wazi: “Nina harusi ya mtoto niliyemlea, tarehe fulani.” Usione haya. Madaktari wa saratani wanaulizwa habari za harusi, Idd na mahafali kila wiki. Daktari wako anaweza kusogeza dozi siku chache, anaweza kukataa kwa kuwa ratiba ya kuponya haitakiwi kulegezwa, na pia kuna sindano ya kuongeza chembe nyeupe, ingawa ni ya gharama na haipatikani kila mahali. Uamuzi ni wake pamoja nawe. Ila kuruka dozi kimya kimya kwa ajili ya sherehe, hapana. Hilo hata mimi mpenda ngoma sitakutetea.

Kama dozi haitasogezwa, pima damu kabla ya kusafiri. Kipimo cha Jumatano ya wiki ya harusi hakikuhakikishii Ijumaa, lakini kikionyesha tayari uko chini sana, umepata jibu lako. Kikiwa kinaridhisha na daktari ameridhia, safari ni kilomita kama 350, nusu siku barabarani. Kaa dirishani, dirisha wazi, barakoa usoni. Basi likisimama shuka unyooshe miguu. Mkono wa kushoto usiubebeshe begi zito wala bangili za kubana, maana tezi za kwapani zikishatolewa mkono ule ni mwepesi kuvimba, na jeraha dogo kwenye ngozi linaweza kuuharibu. Waambie na wapambaji wasikukate ngozi za kucha. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mikono, usipake kabisa, zile kemikali zake zinababua hata ngozi nzima, sembuse yako. Hina ya majani iliyopondwa nyumbani, kama mikono haina michubuko, muulize muuguzi, kwa kawaida haina ugomvi.

Beba kipimajoto. Simu unaweza kuisahau, hicho usikisahau. Joto likifika nyuzi 38, iwe saa tisa usiku, iwe bibi harusi ndiyo kwanza anatolewa, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimeze panadoli kwanza ukasubiri, kwa kuwa itashusha joto na kuuficha ugonjwa. Kwa mtu ambaye chembe nyeupe zimeshuka, homa ni dharura ya saa, si ya siku. Uwe na kadi yako na karatasi ya kliniki yenye majina ya dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, ili pale hospitali ya Bombo, Tanga, wasianze kukuuliza maswali ya mwanzo. Na uwe na mtu mmoja, dada yako au mwanao mkubwa, anayejua hili na asiyelewa na shughuli.

Chakula: pilau ikitoka sufuriani moto, kula. Kachumbari iache, juisi ya ndoo iache, na ile nyama iliyokaa kwenye sinia tangu mchana, waachie wenye matumbo yao. Maji yawe ya chupa au yaliyochemshwa. Kama ladha bado ni ya sarafu, jaribu kijiko cha plastiki badala ya cha chuma, na kamulia ndimu kwenye chakula, ilimradi mdomo hauna vidonda.

Kuhusu shughuli zenyewe, ingekuwa mimi ningechagua. Singo ni wanawake wachache ndani ya nyumba, na wewe ndiye uliyemlea, nafasi yako ni pembeni ya mtoto. Nenda, mradi asiwemo mwenye kukohoa wala mtoto mwenye tetekuwanga. Kibao kata, kama ni uani penye upepo, weka kiti chako ukutani, salamu za mbali, barakoa karibu. Cheza wimbo mmoja, kaa nyimbo tatu. Ukumbi wa Jumamosi, watu mia nne, feni zinazozungusha pumzi ile ile, kukumbatiana na foleni ya kupeana mikono, ningeuacha. Nyumbani nitalala, nitaangalia picha. Najua utasikitika, maana sare umeshashona. Ivae Ijumaa.

Ndani ya sare hiyo, kama unaona upande mmoja umebonyea, fundi anaweza kukushonea titi la kitambaa cha pamba, likatiwa pamba na mtama kidogo lipate uzito, likakaa kwenye mfuko wa sidiria. Wanawake wengi wanafanya hivyo na hakuna anayejua. Na usipotaka kuficha, usifiche. Kichwani funga kilemba cha kukata na shoka, Tanga hawajawahi kumlaumu mtu kwa kilemba.

Na ikiwa damu haikuruhusu? Basi mwombe dada yako jambo dogo tu: bibi harusi aje Mbagala wiki yako ya tatu, chembe zikiwa zimepanda. Ngoma moja, wanawake kumi, uani kwa wifi. Jirani naye mwalike.

Majani ya mstafeli hayachukui muda wangu mrefu. Hayajathibitishwa kutibu saratani ya binadamu yeyote, na yakichemshwa yakakolea yanaweza kugongana na dawa zako, wakati ini lako tayari lina kazi ya kutosha. Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa njiani kwenda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na tunajua tulivyorudi. Kaka anataka kuwa na mchango wake, basi mpe kazi nyingine: awe anakusindikiza kliniki. Akikaa pale kwenye benchi asubuhi moja, akawaona wagonjwa wanataniana huku dripu zinaingia, huenda akalegea mwenyewe. Huyo wa kukulaza kitandani siku nzima ndiye hajawahi kuona wodi ya kemo ikicheka.

Mumeo. Hapa sina uhakika na moyo wake, lakini nimesikia wanaume wa kutosha wakisema jambo moja: wanaogopa kuumiza. Wengine wanadhani saratani inaambukiza, na hawana wa kumuuliza bila kuchekwa. Usisubiri aombe kuliona kovu. Chagua siku umetulia, taa inawaka, umwambie, “Nataka ulione, kisha tuzungumze.” Mwambie saratani haiambukizi, na pale panapouma mwonyeshe kwa kidole. Kama mtarudiana kitandani, tumieni kondomu, hasa siku za mwanzo baada ya dozi kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na majimaji ya mwili, na muda wote wa kemo usishike mimba. Vidonge na sindano za uzazi wa mpango zenye homoni usizitumie, kwa saratani ya titi zina madhara yake. Muulizeni daktari njia nyingine. Na kama haja ya tendo haipo, maana kemo huiondoa, kulala mmeshikana mikono nako ni kulala na mume.

Lile jambo ulilolificha nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo linalokunyima usingizi kuliko jirani. Umebeba jibu baya la kubuni ili usisikie jibu halisi. Nikwambie ninachokijua: wanawake wengi nchini hufika hospitali hatua ya tatu au ya nne. Wewe umefika hatua ya pili, na hatua hiyo kwa kawaida hutibiwa kwa nia ya kuponya. Siyo ahadi, lakini daktari anayekata titi, anatoa tezi na kukupangia kemo ndefu kiasi hicho, kuna mahali anakupeleka. Mwache akutajie.

Nenda na wifi au mumeo, awe sikio la pili, maana mgonjwa husikia neno la kwanza tu na mengine yakapita. Andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa, kemo nayo inasahaulisha. Muulize: Matibabu haya ni ya kuniponya au ya kuudhibiti ugonjwa? Baada ya dozi hizi kuna nini, ni mionzi, ni vidonge vya miaka, au vyote? Ni dalili gani nikiiona nije mbio? Mkono wangu naweza kuunyanyua juu ya kichwa na kuuzungusha, au bado? Na tarehe ya harusi, daktari, ni hii hapa.